Je, Kamba wa Ghuba ya Ungwana Wamepungua? Jinsi Hali Yao Inavyopimwa

Kila Aprili inapoanza, mjadala uleule hurudi Kipini, Ngomeni na Malindi. Msimu wa meli za kukokota nyavu, zile ambazo wengi huziita trola, unafunguliwa, na kabla ya wavu wa kwanza kushuka majini watu wamekwisha kugawanyika. Mvuvi wa mtumbwi anasema kamba wamekwisha. Mwenye meli anasema wapo tele, ni mvua tu iliyochelewa. Mchuuzi anayenunua kwa kilo pale ufuoni anasema hajui kama ni wengi au wachache. Anachojua ni kwamba wanaoletwa siku hizi ni wadogo kuliko wa zamani.

Wote watatu wanasema walichokiona. Shida ni kwamba kamba hawahesabiki kama mbuzi zizini. Wako chini ya maji yenye tope, wanahama kutoka mtoni kwenda baharini, na wengi wao hawafiki mwaka wa pili wakiwa hai. Na jibu lina uzito wake. Ndilo linaloamua ni meli ngapi zipewe leseni, zivue miezi gani, na zikae umbali gani kutoka ufuoni. Mwaka 2006 uamuzi ulikuwa kuzisimamisha trola zote, na zilikaa nje ya ghuba hadi 2011.

Makala haya yanaeleza jinsi wataalamu wanavyopima hali ya kamba hawa, vipimo hivyo vinaweza kukosea wapi, na kwa nini daftari la BMU pale ufuoni ni sehemu ya kipimo hicho sawa na ripoti inayotoka melini.

Ghuba yenye mito miwili

Sehemu kubwa ya pwani ya Kenya ina miamba ya matumbawe karibu na ufuo, na wavu wa kukokota ukipita hapo huraruka. Ghuba ya Malindi-Ungwana ni tofauti. Kusini mwake Mto Sabaki unaingia baharini, na kaskazini Mto Tana unamwaga maji yake Kipini. Mito hiyo miwili imetandaza mchanga na tope kwa miaka isiyohesabika, na kufanya sakafu ya bahari kuwa laini, pana na isiyo na kina kikubwa. Tope hilo na mikoko iliyo kando yake ndiyo makao ya kamba. Kwa hiyo ghuba hii ndiyo iliyobeba karibu uvuvi wote wa kamba kwa trola nchini.

Aina tano ndizo zinazovuliwa kibiashara. Yuko kamba mweupe, ambaye wataalamu humwita Penaeus indicus. Yuko kamba mkubwa mwenye milia, Penaeus monodon, ambaye hoteli humnunua kwa jina la taiga. Yuko Penaeus semisulcatus, mwenye mistari ya kijani kijani, na Metapenaeus monoceros, wa rangi ya kahawia na umbo dogo kidogo. Wa tano, Penaeus japonicus, huonekana kwa nadra. Kwa mpishi wote ni kamba. Kwa anayepima, kila mmoja ni hesabu yake. Gunia lililoandikwa tu "kamba, kilo 40" linaweza kuficha kwamba aina moja inaporomoka huku nyingine ikijaza pengo lake.

Kwa upande wa sheria, Jedwali la Nne la Katiba limeweka uvuvi miongoni mwa kazi za kaunti chini ya kilimo, huku ulinzi wa mazingira na maliasili ukibaki kwa serikali ya kitaifa. Leseni za trola hutolewa na serikali ya kitaifa kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016. Utafiti hufanywa na taasisi ya KMFRI. Kaunti za Kilifi na Tana River zinagawana ufuo wa ghuba, na kamba hawajui mpaka ulipo.

Mnyama anayeishi kwa haraka

Kamba jike hutaga baharini, nje ya mlango wa mto, na jike mmoja mkubwa anaweza kutoa mamia ya maelfu ya mayai. Mayai huanguliwa kabla siku haijaisha. Mabuu yanayotoka hubadilika umbo mara kadhaa yakichukuliwa na mkondo, na baada ya wiki mbili tatu yanakuwa kamba wachanga, wa urefu wa sentimita moja hivi, wanaosukumwa na maji yanayojaa hadi ndani ya mikoko na vijito vya maji ya munyu. Humo hula na kukua kwa miezi michache. Mvua inapozidi na mto kujaa, hutoka kwa makundi kwenda baharini, wakakomaa, wakataga, na duru ikaanza upya.

Mambo mawili yanafuata kutokana na maisha hayo, na ndiyo yanayofanya kamba wapimwe tofauti na samaki wa miambani.

La kwanza ni kwamba hakuna akiba ya wazee. Changu na chewa huishi miaka mingi, hivyo mwaka mmoja mbaya hufidiwa na majike waliozaliwa miaka kabla yake. Kamba wa mwaka huu karibu wote ni watoto wa mwaka jana. Wakivuliwa majike wengi mno msimu mmoja, pengo linaonekana msimu unaofuata. Lakini pia wakipumzishwa na mvua ikawa njema, hurudi upesi kuliko karibu samaki yeyote. Tathmini ya miaka mitano iliyopita, hata ikiwa nzuri kiasi gani, haisemi mengi kuhusu kamba walio majini leo.

La pili ni kwamba mnyama huyu anavuliwa kwenye milango miwili. Mvuvi wa kimia kijitoni anamkuta akiwa mdogo. Trola inamkuta akiwa mkubwa nje. Kila kilo inayochukuliwa mlango mmoja inapunguza kinachofika mlango wa pili, kwa njia zote mbili: mdogo aliyevuliwa Ozi hataonekana baharini, na jike aliyevuliwa baharini hatakuwa na watoto wa kuingia Ozi. Hapo ndipo lawama zinapotoka, na pande zote mbili zina haki kidogo.

Tani peke yake haitoshi

Takwimu inayotajwa mara nyingi ni jumla ya tani zilizovuliwa mwaka mzima. Ndiyo rahisi kupata, na ndiyo inayopotosha zaidi.

Chukua hesabu ya mfano. Mwaka wa kwanza meli zinavua tani 100 kwa kukokota wavu saa 2,000. Mwaka wa pili zinavua tani 100 tena, lakini kwa saa 4,000. Kwenye ripoti ya mwisho wa mwaka namba ni ileile, na anayeisoma haraka atasema kamba wako vilevile. Lakini mwaka wa kwanza kila saa ilitoa kilo 50, na wa pili kilo 25. Meli zimefanya kazi maradufu kupata kile kile. Kamba waliobaki majini huenda wamepungua kwa nusu.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza cha maana ni mavuno yakigawanywa kwa juhudi. Kwa trola, juhudi ni saa za kukokota. Kwa mtumbwi, ni idadi ya wavuvi, aina ya wavu na saa walizokaa majini. Nahodha wa meli hutakiwa kuandika kila mkokoto: saa wavu uliposhuka, saa ulipopandishwa, mahali, kina na kilo. Bila saa hizo, kilo ni hadithi ya nusu.

Hata hivyo kipimo hiki nacho kina mitego yake. Meli ya leo ikifungwa mtambo wenye nguvu zaidi, au nahodha akipata chombo cha setilaiti kinachomwonyesha njia ileile aliyovuna jana, saa yake moja si sawa na saa moja ya miaka ishirini iliyopita. Kilo kwa saa zinaweza kubaki juu huku kamba wakipungua. Mtego mwingine ni tabia ya kamba wenyewe kukusanyika. Mto unapojaa hujazana mbele ya mlango wake, na anayetega hapo atapata wavu uliojaa hata kama sehemu nyingine zote za ghuba ni tupu. Ndiyo sababu mtaalamu hapendi kutegemea daftari la mvuvi wa biashara pekee. Mvuvi huenda mahali samaki walipo. Hiyo ndiyo kazi yake. Anayepima inambidi aende pia mahali ambapo hakuna.

Wavu unaopima

Kwa sababu hiyo kuna safari za utafiti ambazo hazifuati kamba. Ghuba hugawanywa kwa maeneo na kwa kina, vituo huchaguliwa mapema, na meli hukokota kwa muda na kasi ileile kila kituo, patokee kitu au pasitokee.

Hesabu yake inaeleweka na yeyote aliyewahi kulima kwa trekta. Ukijua upana wa jembe na urefu wa mstari, unajua umelima ekari ngapi. Tuseme wavu umefunguka mita 20 kutoka bawa hadi bawa, na meli inakwenda maili tatu za baharini kwa saa, yaani kama kilomita tano na nusu. Kwa saa moja imefagia takriban hekta 11, karibu ekari 27. Ikiwa kilo 20 za kamba zimepatikana, basi ni kama kilo 180 kwa kila kilomita mraba. Kisha linakuja swali gumu: wangapi waliponyoka? Wengine huruka juu ya wavu, wengine hujizika topeni na wavu ukapita juu yao. Mtaalamu akichukulia kwamba nusu waliponyoka, kadirio linakuwa kilo 360 badala ya 180. Badilisha dhana hiyo moja na akiba nzima inapanda au kushuka. Msomaji wa ripoti yoyote ya kamba ana haki ya kuuliza ni dhana gani iliyotumika.

Saa ya siku pia ina neno. Kamba mweupe hupatikana vizuri mchana. Yule mwenye mistari ya kijani, na yule wa kahawia, hupenda kujizika mchana na kutoka usiku, hasa maji yanapokuwa maangavu. Safari inayofanywa mchana peke yake itawaona weupe na kuwapunja wenzao. Maji nayo: bamvua halifanani na maji mafu, na kituo kilichopimwa wakati wa bamvua mwaka huu hakilinganishwi na kilichopimwa wakati wa maji mafu mwaka jana bila kusema hivyo.

Safari za aina hiyo zilifanyika ghubani mwaka 2011, kabla ya uvuvi wa trola kurudi kikamilifu, chini ya mradi wa kikanda wa uvuvi wa Kusini Magharibi mwa Bahari ya Hindi. Ya kwanza ilikuwa wakati wa kaskazi, ya pili baada ya kusi kuanza. Matokeo yake yalithibitisha mengi ambayo wavuvi walikuwa wakiyasema. Kamba walikuwa wengi zaidi wakati wa kusi kuliko wakati wa kaskazi kavu. Walikuwa wengi kwenye maji ya karibu na ufuo na wakapungua kadiri kina kilivyoongezeka. Na ghuba haikuwa moja: upande wa Tana kamba mweupe ndiye aliyetawala, upande wa Sabaki alikuwa yule mwenye mistari ya kijani. Kanuni moja kwa ghuba nzima, kwa maneno mengine, inawagusa wavuvi wa Kipini na wa Malindi kwa njia tofauti.

Hilo la karibu na ufuo ndilo lenye moto. Sheria ya zamani ilizitaka trola zikae nje ya maili tano za baharini, zaidi ya kilomita tisa. Lakini kamba hawako huko. Meli iliyotii sheria ingerudi na wavu wa tope, na meli iliyotaka faida ilisogea ndani, mahali mitumbwi ilipo. Nyavu za wavuvi wadogo zilikatwa, kasa walinaswa, na samaki wachanga walitupwa baharini wakiwa wamekufa. Ugomvi huo wa miaka mingi ndio uliofikisha mambo kwenye marufuku ya 2006.

Kamba asiye na pete za umri

Samaki wengi wana mfupa mdogo sikioni wenye pete kama za mti uliokatwa. Mtaalamu huhesabu pete na kujua umri. Kamba hana. Tena hujivua gamba lake lote kila anapokua, na alama yoyote iliyokuwa juu yake huenda na gamba.

Kinachobaki ni urefu. Kwenye sampuli ya kila mwezi, kamba mmoja mmoja huwekwa mezani na kupimwa kwa kalipa gamba la kichwa, kuanzia nyuma ya tundu la jicho hadi mwisho wa gamba hilo mgongoni. Kichwa hupimwa kwa sababu mkia hujikunja na kumdanganya mpimaji. Jike na dume hutenganishwa kwa kutazama sehemu za uzazi chini ya tumbo, katikati ya miguu, kwa kuwa jike hukua zaidi ya dume na kuwachanganya huvuruga kila kitu. Mayai ya jike nayo hutazamwa. Katika kamba mweupe anayekaribia kutaga, mfuko wa mayai huonekana kupitia gamba la mgongo ukiwa wa kijani kilichokolea.

Mamia ya vipimo hivyo vikipangwa kwa milimita, huonekana vilima. Kilima cha wadogo mwezi huu kinakuwa kilima cha wa kati miezi miwili baadaye, na kwa kufuatilia kinavyosogea mtaalamu anajua kamba wa ghuba hii wanakua kwa kasi gani. Kisha anatazama kilima kinavyoporomoka upande wa wakubwa. Kama wakubwa wanatoweka haraka kuliko ilivyotarajiwa, vifo ni vingi.

Si vifo vyote ni vya wavu. Kamba ni chakula cha kila mtu baharini: samaki, taa, ngisi na kaa. Kazi ni kutenganisha waliokufa kwa kuliwa na waliokufa kwa kuvuliwa. Kanuni ya zamani, iliyotolewa na mtaalamu wa FAO John Gulland mwaka 1971, ilisema vifo vya uvuvi visizidi nusu ya vifo vyote. Wengi leo huiona nusu hiyo kuwa kubwa mno na hupendelea kiwango cha chini zaidi, hasa pale ambapo takwimu ni haba. Ni kanuni ya kuanzia mazungumzo. Haifai kuwa namba ya kupigania mahakamani.

Vipimo vya urefu hufichua pia aina mbili za madhara ambazo tani haziwezi kuzitenganisha. Ya kwanza ni kuvua kamba kabla hajakua. Hapo hakuna aliyetoweka milele, ila jamii inapoteza uzito na pesa: kamba aliyeuzwa akiwa kidole angeuzwa mara kadhaa ya bei hiyo kama angeachwa miezi miwili mitatu. Maneno ya mchuuzi kwamba wanaoletwa ni wadogo yanaangukia hapa, na yanastahili kuandikwa, maana huenda yanaonyesha macho ya nyavu yamekuwa madogo au uvuvi umehamia zaidi kijitoni. Ya pili ni mbaya zaidi: kuvua majike wengi kiasi kwamba mabuu yanayoingia mikokoni hayatoshi kujaza nafasi. Ishara yake ni wachanga kupungua vijitoni hata katika mwaka wa mvua nzuri. Kipimo hicho hakipatikani melini. Kinapatikana kwa anayevua kijitoni.

Lawama ya mto

Mwenye meli anayesema mvua ndiyo sababu hasemi uongo. Mto unapojaa huwatoa kamba mikokoni, huleta chakula, na hutia maji tope linalowaficha wachanga wasiliwe. Mwaka wa ukame unaweza kuleta mavuno duni bila mtu yeyote kuvua kupita kiasi.

Kwa hiyo tathmini isiyo na takwimu za mto haijakamilika. Maji ya Tana hayafiki ghubani kama yalivyofika zamani. Bwawa la Masinga lilikamilika 1981, Kiambere 1988, na mengine ya mfululizo huo yalitangulia. Mabwawa hupunguza makali ya mafuriko na kuzuia sehemu ya tope. Kwa upande wa Sabaki, ambao maji yake yanatoka Mto Athi, bwawa la Thwake linajengwa. Pamoja na hayo kuna mikoko inayokatwa na maeneo ya maji chumvi yanayogeuzwa kwa matumizi mengine. Kilimo cha juu ya mto, umeme wa Nairobi na kamba wa Kipini wanatumia maji yaleyale, ingawa ni nadra wahusika wake kukaa kwenye mkutano mmoja.

Hatari ni mvua kutumiwa kama kisingizio cha kila mwaka. Njia ya kupambanua ni kulinganisha miaka yenye mvua inayofanana. Kama mwaka wenye masika mazuri unaleta kilo chache kwa saa kuliko mwaka mwingine wenye masika kama hayo, mvua haiwezi kubeba lawama yote. Lakini ulinganisho huo unahitaji rekodi za miaka mingi mfululizo, na pengo la miaka miwili kwenye daftari linaweza kuuvunja.

Kilichotokea baada ya 2006

Marufuku ya trola yalikuwa, bila kukusudiwa, kipimo kikubwa kuliko safari yoyote ya utafiti. Kabla yake mavuno ya kamba ya meli yalikuwa yakishuka, na mavuno ya wavuvi wadogo yalikuwa yameshuka pia. Meli ziliposimama, jumla ya samaki waliovuliwa na wavuvi wadogo ilipanda tena katika muda mfupi. Wavuvi walilisoma jambo hilo kama ushahidi kamili dhidi ya trola. Watafiti walikuwa waangalifu zaidi, kwa kuwa idadi ya vyombo na aina za nyavu za ufuoni hazikukaa vilevile miaka hiyo, lakini hawakukana mwelekeo.

Trola hazikurudi kwa masharti ya zamani. Mpango wa Usimamizi wa Uvuvi wa Kamba wa mwaka 2010 uliziwekea masharti mapya: kuvua nje ya maili tatu za baharini, kuvua mchana tu, kufunga kifaa cha kumtoa kasa kwenye wavu, na kusimama kabisa kuanzia Novemba hadi mwisho wa Machi. Miezi hiyo ya kaskazi ndiyo bahari inapotulia na mitumbwi kutoka kwa wingi. Maili tatu ni chache kuliko tano za awali, na wapo waliolalamika. Hoja ya upande wa pili ni kwamba mpaka unaotiiwa wa maili tatu unalinda zaidi kuliko wa tano unaovunjwa kila siku. Hoja hiyo inasimama pale tu ambapo kuna anayeangalia meli iko wapi.

Daftari la ufuoni

Kwa mitumbwi na madau hakuna nahodha wa kujaza fomu kila mkokoto. Takwimu zake hutegemea karani wa BMU na maafisa wa uvuvi wanaochukua sampuli kwenye vituo vya kushushia samaki. Kinachohitajika si kingi: tarehe, chombo, idadi ya wavuvi, aina ya wavu, saa walizokaa majini, mahali walipovua, bamvua au maji mafu, na kilo za kila aina ya kamba zikitenganishwa. Siku ambayo mtumbwi umerudi mtupu nayo iandikwe. Siku hizo ndizo husahaulika, na zikisahaulika wastani unakuwa mzuri kuliko ukweli.

Baadhi ya wavuvi hupunguza kilo wanapoulizwa, wakihofia ushuru. Hofu hiyo inaeleweka, lakini hesabu yake inawarudia wenyewe. Kilo zilizofichwa zinaonyesha kwamba mitumbwi inategemea kamba kidogo tu, na siku ya kugawa miezi na maeneo kati ya mitumbwi na trola, karatasi hiyo ndiyo itakayowekwa mezani. Kwa upande wa meli, tundu liko kwingine: samaki wachanga na kamba wadogo wanaorudishwa baharini wakiwa wamekufa hawaonekani kwenye kilo zinazoshushwa bandarini. Mwangalizi aliye melini ndiye anayeweza kuwahesabu.

Katiba inataka umma ushirikishwe kabla ya maamuzi kama haya. Mkaazi anayehudhuria mkutano wa kujadili mpango wa kamba anaweza kuomba aonyeshwe mambo machache: kilo kwa saa na si tani tu, kila aina peke yake, urefu wa kamba waliopimwa na mwezi waliopimwa, kiwango cha maji mtoni miaka hiyo, na kama mavuno ya vijitoni yameingizwa kwenye hesabu au yameachwa nje.

Hilo la mwisho lina uzito zaidi kwa miezi ya Novemba hadi Machi. Wakati huo trola zimetia nanga na hakuna daftari la nahodha linaloandikwa. Kwa miezi mitano mizima, rekodi pekee inayoandikwa kila siku kuhusu kamba wa ghuba ni ile ya karani wa BMU, kwa kalamu yake, mtumbwi mmoja baada ya mwingine.